Masiya wa Izmir na Dini Tatu Zilizomngoja

Mwaka 1666, katika nyumba ya mama mmoja wa Kiyahudi mjini Hamburg, kulikuwa na mapipa makubwa yaliyotumwa na baba mkwe wake kutoka Hildesheim. Ndani mlikuwa na nguo za kitani, njegere, maharagwe, nyama iliyokaushwa, matunda makavu na kila chakula kinachostahimili safari ndefu. Mzee yule alikuwa ameshaiacha nyumba na mali yake katika mji wa Hameln, akahamia Hildesheim kungoja habari moja tu: kwamba safari ya kurudi Yerusalemu imewadia na watu wapande meli Hamburg. Mkamwana wake, Glückel, aliyaandika hayo miaka mingi baadaye kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ujerumani na Polandi. Anasema mapipa yalikaa kama mwaka mzima, kisha mzee akaingiwa na hofu kwamba nyama itaoza, akaagiza vyakula vitolewe visije vikaharibu nguo. Nguo zenyewe ziliendelea kukaa humo mpaka ikatimia miaka mitatu.

Mzee huyu hakuwa mpumbavu, wala hakuwa peke yake. Miezi hiyohiyo matajiri wa Amsterdam walikuwa wakiuza walivyonavyo. Katika Livorno, Salonica, Aleppo na Sanaa watu walifunga saumu, wakazama kwenye maji ya baridi usiku kwa toba, wakagawa sadaka mpaka mifuko ikakauka. Wote walimngoja mtu mmoja, Sabbatai Zevi, mwana wa dalali wa bandari ya Izmir, aliyetangazwa kuwa Masiya, mfalme wa ukoo wa Daudi. Tangu Bar Kokhba alipowaasi Warumi katika karne ya 2, hakuna dai la Umasiya lililokuwa limewatikisa Wayahudi wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Simulizi nyingi hulifanya jambo hili kuwa kisa cha Wayahudi peke yao: mtu mmoja alidai, watu wakadanganyika, mambo yakaisha. Naona simulizi hiyo inawadhulumu waliohusika na inaacha nusu ya habari. Habari za Sabbatai zilibebwa na meli za Wakristo na kuchapwa na Wakristo waliokuwa na sababu zao za kuungoja mwaka 1666. Mafundisho yake yaliwaingia sana watu waliokuwa wamelelewa kanisani. Hatima yake ikakatwa mbele ya Sultani, katika dola ambayo raia wake Waislamu nao walikuwa na matumaini yao ya kuja kwa Mahdi. Masiya huyu alikuwa wa Wayahudi, lakini moto uliomwivisha ulichochewa kutoka nyumba zote tatu.

Tumaini lenyewe lilikuwa la zamani, ila karne na nusu iliyotangulia ilikuwa imelitia uchungu mpya. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa ubatizo. Miaka mitano baadaye Ureno iliwabatiza wa kwake kwa nguvu. Maelfu walikimbilia kwa Sultani Bayezid II, wakaujaza mji wa Salonica hata ukawa mji wa Kiyahudi kuliko mwingine wowote wa pwani ile. Waliobaki Hispania na Ureno walikwenda misani Jumapili, na wengine wao wakaitunza Sabato kwa siri, huku mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi ikiwapekua mpaka jikoni kuona kama wanakula nguruwe.

Ndipo mwaka 1524 akaingia Roma, juu ya farasi mweupe, mtu mfupi mwenye ngozi nyeusi aliyejiita David Reubeni. Alisema ametumwa na ndugu yake, mfalme Yosefu, anayetawala makabila yaliyopotea ya Israeli huko jangwani Uarabuni, na kwamba safari yake ilimpitisha Sudan, katika ufalme wa Sennar, kabla ya kufika Misri. Aliomba silaha na mafundi ili jeshi la ndugu yake na majeshi ya Wakristo yawapige Waturuki kutoka pande mbili. Papa Clement VII alimsikiliza na kumpa barua za kumtambulisha kwa mfalme wa Ureno. Jambo hili haliwezi kueleweka bila kuikumbuka bahari yetu. Manowari za Ureno zilizozivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 zilikuwa zikitafuta kuziba njia ya Bahari ya Shamu, na mtu aliyedai kuwa na askari karibu na Makka alikuwa na thamani kubwa mbele ya wakubwa wa Lisbon, awe mkweli au mwongo.

Huko Ureno kijana mmoja wa ofisi za mfalme, Diogo Pires, mzao wa Wayahudi waliobatizwa, alimwona Reubeni akawaka. Akajitahiri mwenyewe, akajiita Solomon Molcho, akatorokea Salonica kusoma elimu ya siri ya Kiyahudi, Kabala. Kisha akarudi Italia kuhubiri kwamba ukombozi u karibu. Papa yuleyule alimpenda na kumkinga na mahakama ya Kanisa lake mwenyewe. Mwaka 1532 ulinzi huo ukafika mwisho: alichomwa moto Mantua. Reubeni alipelekwa Hispania akafia gerezani. Majina yao yaliendelea kutajwa katika nyumba za Wayahudi kwa heshima, na nguo za Molcho zikahifadhiwa Prague.

Wakati huohuo, katika mji mdogo wa Safed juu ya vilima vya Galilaya, wasomi waliotokana na wakimbizi wa Hispania walikuwa wakiuliza kwa nini Mungu ameruhusu uhamisho. Isaac Luria, aliyefariki mwaka 1572 akiwa na umri wa miaka 38, aliwapa jibu lililoenea kila walipo Wayahudi. Alifundisha kwamba mwanzo wa uumbaji vyombo vilivyobeba nuru ya Mungu vilipasuka, cheche zake zikaanguka na kunaswa ndani ya maganda ya uovu. Kila sala na kila tendo jema huinua cheche moja. Zikishainuliwa zote, ulimwengu utatengemaa na Masiya atafika. Kwa hiyo uhamisho haukuwa tena adhabu ya Wayahudi peke yao, kwa kuwa hata nuru ya Mungu ilikuwa uhamishoni pamoja nao, na mchuuzi wa mitumba wa Krakow angeweza kuharakisha ukombozi wa dunia nzima kwa sala yake ya asubuhi. Sioni ajabu kwamba watu waliopoteza kila kitu waliyashika mafundisho haya kwa mikono miwili.

Kisha ukaja mwaka 1648. Baadhi ya wajuzi wa Kabala walikuwa wameuhesabu kuwa mwaka wa ukombozi. Badala yake Wakozaki wa Bohdan Khmelnytsky waliiasi Polandi, na katika vita hivyo Wayahudi waliuawa kwa makumi ya maelfu katika miji ya Ukraine. Mateka waliuzwa mpaka masoko ya watumwa ya Istanbul, na jumuiya za Wayahudi za huko na za Venice zilikusanya fedha kuwakomboa mmoja mmoja.

Mwaka huohuo wa 1648 ndio Sabbatai Zevi, akiwa na miaka 22, alipotamka hadharani jina la Mungu lenye herufi nne, ambalo Myahudi halitamki. Alizaliwa Izmir mwaka 1626, na inasimuliwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya 9 ya mwezi wa Av, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Baba yake, Mordecai, alitoka Ugiriki, akaanza na biashara ya kuku na mayai. Bandari ya Izmir ilipochangamka, aligeuka wakala wa wafanyabiashara Waingereza na kutajirika. Kijana alikulia basi katika nyumba ambamo habari za London zilifika pamoja na shehena za nguo, na miongoni mwa Waingereza wa wakati ule wapo waliokuwa na hakika kwamba Wayahudi wako njiani kurudi Nchi Takatifu.

Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, elimu ya kutosha na uso uliovuta watu. Alikuwa pia na maradhi ya nafsi. Kuna siku alijawa na nuru, akafanya mambo ya kushtua. Kuna miezi alizama gizani, asitake kuonana na mtu. Gershom Scholem, mwanahistoria mkubwa wa Kabala, aliyaita maradhi yale ya kupanda na kushuka kwa hisia, na ushahidi alioukusanya unashawishi. Katika siku za nuru Sabbatai alifunga ndoa na kitabu cha Torati chini ya hema la arusi huko Salonica, akafukuzwa. Istanbul, mwaka 1658, alinunua samaki mkubwa, akamvisha kama mtoto mchanga na kumlaza katika kitanda cha mtoto, akafukuzwa tena. Alikwenda Yerusalemu, kisha Misri kutafuta fedha za maskini wa Yerusalemu. Cairo, mwaka 1664, alimwoa Sarah, yatima wa mauaji ya Polandi, ambaye kwa simulizi yake mwenyewe alilelewa na Wakristo. Mpaka hapo alikuwa mtu wa ajabu mwenye marafiki wachache. Dunia ingemsahau.

Aliyemfanya Masiya ni kijana wa miaka kama 21 wa Gaza. Abraham Nathan Ashkenazi, ambaye historia inamjua kama Nathan wa Gaza, alikuwa msomi hodari aliyekuwa na sifa ya kuzisoma nafsi za watu na kuzipa dawa ya toba. Sabbatai alikwenda kwake mwaka 1665 akitafuta uponyaji, kama mgonjwa anavyokwenda kwa tabibu. Nathan akamwambia kwamba hana ugonjwa: yeye ndiye Masiya, na giza linalomshika ni vita vyake dhidi ya maganda ya uovu. Sabbatai alikataa kwanza. Mwisho wa mwezi wa Mei alikubali na kujitangaza. Nathan aliyageuza mateso ya mtu yule kuwa ushahidi, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, maana kuanzia siku ile hakuna aibu wala anguko ambalo lisingeweza kufasiriwa.

Marabi wa Yerusalemu, waliomjua Sabbatai kwa karibu, walimfukuza. Lakini barua za Nathan zilikuwa zimeshaondoka. Katika mojawapo, aliyomwandikia mkuu wa Wayahudi wa Misri, alisema Masiya atatwaa taji la Sultani bila vita, kwa nyimbo tu, na kwamba anayemwamini bila kudai ishara wala muujiza ndiye atakayeokoka.

Tuangalie barua hizo zilikopita. Zilitoka Gaza na Aleppo kwa mabaharia na mawakala, zikafika Livorno na Venice, na kutoka huko Amsterdam. Amsterdam kulikuwa na Petrus Serrarius, Mkristo mwenye marafiki wengi Wayahudi, aliyeamini kwamba utawala wa Kristo wa miaka 1,000 umekaribia na kwamba dalili yake ni kuongoka na kurejea kwa Israeli. Mwaka 1666 ulikuwa na namba ya Kitabu cha Ufunuo, 666, na Wakristo wa namna yake walikuwa wakiuhesabia kwa muda mrefu. Serrarius alizitafsiri habari na kuzituma Uingereza, zikachapwa vijitabu, na vijitabu vikaongezewa chumvi. Kimoja kilieleza meli iliyotia nanga Aberdeen, yenye matanga na kamba za hariri, mabaharia wake wakisema Kiebrania na bendera yake ikitangaza makabila kumi. Kingine kilisema majeshi ya Israeli yametoka jangwani na kuizingira Makka. Wayahudi wa Hamburg na Amsterdam wakazisoma habari hizi katika magazeti ya Wakristo na kuambiana kwamba hata mataifa wanashuhudia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: kila upande ulimwona mwenzake kuwa shahidi.

Desemba 1665 Henry Oldenburg, katibu wa chama cha wanasayansi cha London, alimwandikia Spinoza kumuuliza Wayahudi wa Amsterdam wanasemaje kuhusu uvumi huu, kwa kuwa ukithibitika utapindua mambo yote duniani. Februari iliyofuata Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba Myahudi mmoja wa London anatoa pauni 10 kwa sharti la kulipwa 100 endapo mtu fulani wa Izmir atatambuliwa na wakuu wote wa Mashariki kuwa mfalme wa dunia ndani ya miaka miwili.

Kulikuwa na mkondo mwingine uliopita ndani zaidi. Wayahudi wengi wa Amsterdam, Hamburg na Livorno walikuwa wametoka Hispania na Ureno, ambako wao au wazazi wao waliishi kama Wakatoliki. Walikuwa wamekua wakisikia kila Jumapili habari za Mwokozi anayeokoa kwa imani, aliyeteswa na kukataliwa na wakubwa wa dini. Walipoirudia dini ya mababu, waliacha picha na misalaba, lakini njia ile ya kumfikiria Mwokozi haikufutika kwa urahisi. Nathan alipofundisha imani isiyodai ishara, masikio yao yalikuwa tayari. Jacob Sasportas, rabi mzaliwa wa Oran aliyekuwa amekimbilia Hamburg kutoka London kwa hofu ya tauni, aliiona hatari mapema. Aliandika barua kali, akizunguka karibu peke yake kati ya watu wanaocheza ngoma na vitabu vya Torati mikononi, akiuliza ni wapi Sheria imesema Masiya aaminiwe kwa namna hiyo. Vijana wa sinagogi walimzomea.

Izmir yenyewe ilikuwa imewaka. Siku ya Sabato mwezi wa Desemba 1665, sinagogi la Wareno, ambalo wakuu wake walimpinga, lilifungwa milango. Sabbatai akachukua shoka, akaanza kuupasua mlango siku ambayo Myahudi haruhusiwi kushika hata kijiti cha moto. Wakamfungulia. Ndani alisoma Torati kutoka kitabu cha chapa badala ya gombo, akawaita wanawake waje kusoma, jambo lisilosikika, akagawa falme za dunia kwa ndugu zake na rafiki zake. Thomas Coenen, mchungaji wa Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Izmir, aliyeyafuatilia mambo haya kwa karibu na kuandika kitabu, anasimulia kwamba Sabbatai aliwaambia wanawake amekuja kuwaondolea laana ya Hawa na kuwaweka huru kama waume zao. Wanawake na watoto walianguka chini barabarani wakitabiri. Mahesabu ya biashara yalisimama, na wadai Wakristo walilalamika kwamba hawalipwi.

Sultani Mehmed IV hakuwa na sababu ya kuvumilia mfalme mwingine. Vita vya kuipata Krete kutoka kwa Venice vilikuwa vimeendelea tangu 1645. Istanbul ilikuwa imeungua vibaya mwaka 1660, na Wayahudi wa mtaa wa Eminönü waliondolewa ili msikiti wa mama yake Sultani umalizike pale. Katika ikulu sauti iliyosikika sana ni ya Vani Efendi, mhubiri aliyetaka Uislamu usafishwe na uzushi wote, ukiwemo wa baadhi ya masufi. Sabbatai alipopanda jahazi kuelekea Istanbul mwishoni mwa Desemba, watu wakisema anakwenda kumvua Sultani taji, alikamatwa baharini Februari 1666 na kuletwa mjini kwa minyororo.

Hakuuawa. Waziri mkuu, Köprülü Fazıl Ahmed Pasha, alimweka gerezani, na mwezi wa Aprili, alipokuwa akijiandaa kwenda Krete, akampeleka kwenye ngome ya Gallipoli. Jambo hili la kuachwa hai lilichukuliwa kuwa muujiza, na gereza likageuka jumba la kifalme. Wageni walifika kwa mashua kutoka kila pembe, walinzi wakapokea fedha za kuwafungulia, bei ya chakula mjini ikapanda. Wajumbe wawili wa Kipolandi, mwana na mwana wa kambo wa rabi mkongwe David ha-Levi wa Lwów, walimkuta amevaa nyekundu, na karibu naye kitabu cha habari za mauaji ya 1648. Kabla hawajasema waliyoyaona nyumbani kwao, aliwaambia anayajua. Akawaahidi kisasi cha damu ile, akawapa vazi wampelekee mzee aliyekuwa mgonjwa. Mtu asipoielewa saa hiyo hawezi kuelewa kwa nini waliamini. Kwa miaka 18 hakuna mkubwa yeyote duniani aliyekuwa amewaambia watu wa Polandi kwamba anawajua wafu wao.

Mwezi wa Av ulipofika aliifuta saumu ya kuomboleza Hekalu, akaigeuza sikukuu ya kuzaliwa kwake. Wiki chache baadaye alifika Mpolandi mwingine, Nehemiah ha-Kohen, aliyekuwa na unabii wake mwenyewe. Walibishana siku tatu usiku na mchana. Nehemiah hakuridhika. Alitoka ngomeni, akatamka kwamba anataka kusilimu, akapelekwa Edirne na kumshitaki Sabbatai kuwa mchochezi.

Tarehe 16 Septemba 1666 Sabbatai alisimamishwa mbele ya baraza huko Edirne. Alikuwepo kaimu wa waziri mkuu, Shehe wa Uislamu Minkarizade Yahya, na Vani Efendi. Sultani, kijana wa miaka 24, alitazama kutoka nyuma ya kimia. Mkalimani alikuwa tabibu wa ikulu, Hayatizade Mustafa, ambaye naye alizaliwa Myahudi akasilimu. Sabbatai alikana kwamba aliwahi kudai Umasiya. Akaambiwa achague: kifo au Uislamu. Simulizi za Wazungu wa wakati ule zinaongeza kwamba alitajiwa pia jaribio la mishale, avuliwe nguo na wapiga upinde wamlenge, ili ikidunda juu ya mwili wake akubaliwe kuwa Masiya. Akavua kofia ya Kiyahudi, akavaa kilemba. Alipewa jina la Aziz Mehmed Efendi, cheo cha heshima cha bawabu wa ikulu, na posho ya akçe 150 kwa siku. Sarah alisilimu baada yake, akaitwa Fatma.

Baraza lile halikumtendea peke yake hivyo. Muda si mrefu kijana wa Kikurdi aliyetangazwa kuwa Mahdi naye aliletwa mbele ya Sultani huyohuyo, akaliacha dai lake, akapewa kazi ikuluni. Mbele ya dola, Masiya wa Wayahudi na Mahdi wa Waislamu walikuwa tatizo la aina moja na walipata dawa ya aina moja.

Habari zilipofika Ulaya kabla ya majira ya baridi, watu hawakusadiki, kisha wakanyamaza. Jumuiya nyingi zilichana kurasa za kumbukumbu zilizotaja jina lake. Wakristo waliokuwa wakishangilia waligeuza wimbo: mwaka 1669 John Evelyn alichapa London kitabu kilichomhesabu Sabbatai pamoja na matapeli wengine wawili maarufu.

Wapo ambao hawakuacha. Sabbatai mwenyewe alimwandikia ndugu yake kwamba Mungu ndiye aliyemfanya Mwislamu. Nathan akatoa maelezo yaliyoingia moja kwa moja katika mafundisho ya Luria: cheche zilizobaki zimenaswa chini kabisa, kati ya mataifa, na hakuna wa kuzifikia ila Masiya, ambaye hana budi kushuka mwenyewe na kuvaa mavazi ya mahali pale. Abraham Cardozo, tabibu wa Tripoli aliyezaliwa Hispania katika familia ya Kikatoliki, aliongeza neno lililotoka katika maisha yake. Alisema Wayahudi wote walistahili kulazimishwa kuficha dini yao, na Masiya ameichukua adhabu hiyo juu yake ili kuwaokoa wengine. Mtu aliyewahi kupiga magoti misani huku moyo wake uko kwingine hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ya Edirne ilikuwa ya maisha mawili. Sabbatai alisali msikitini na sinagogi, akafundisha Torati kwa ruhusa ya wakubwa waliodhani anawavuta Wayahudi kwenye Uislamu, na baadhi aliwavuta kweli. Kumbukumbu za wafuasi wake zinasema alikaa na madervishi katika dhikri zao, na hilo linaaminika, kwani tarika za Kibektashi zilikuwa na mlango wazi kwa mtu mwenye siri moyoni. Mwaka 1672 alishitakiwa kuwa anaukejeli Uislamu, akapelekwa uhamishoni Ulcinj, bandari ya Adriatiki iliyo leo nchini Montenegro. Wiki sita hivi kabla ya kufa aliwaandikia Wayahudi wa Berat, Albania, barua fupi akiomba kitabu cha sala za Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho. Aliitia saini kama Masiya. Alifariki Septemba 1676, Siku ya Upatanisho yenyewe, akiwa na miaka 50.

Walioumia zaidi walikuwa mbali naye. Yemen, ambako Wayahudi walikuwa wameanza kuvaa mavazi ya sherehe na kusema utawala wa Imamu umekwisha, kiongozi mmoja aliyekwenda kumtaka gavana wa Sanaa akabidhi madaraka aliuawa. Wayahudi wa huko wakapigwa marufuku kuvaa vilemba. Mwaka 1679 walifukuzwa kutoka miji mingi hadi Mawza, tambarare ya joto karibu na bandari ya Mocha, ambako wengi walikufa kwa njaa na maradhi kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Salonica mambo yalikwenda kwingine kabisa. Mjane wa mwisho wa Sabbatai alikuwa binti wa rabi wa huko, na kaka yake, Jacob Querido, alitangazwa kuwa chombo kipya cha roho ya Masiya. Mwaka 1683 familia kama 200 hadi 300 zilisilimu kwa pamoja. Querido alikwenda Makka kuhiji, akafariki njiani akirudi. Watu wao, ambao Waturuki waliwaita Dönme, walifunga Ramadhani na kuswali Ijumaa. Nyumbani walikuwa na majina ya Kiebrania, sala za Kihispania cha kale, na sikukuu ya mwezi wa Av. Hawakuoana na Waislamu wengine wala na Wayahudi. Polandi, tawi la imani hiyohiyo lilielekea upande wa pili: Jacob Frank aliwaongoza maelfu ya wafuasi kwenye ubatizo mwaka 1759, na Mfalme Augustus III akawa msimamizi wake wa ubatizo. Kanisa lilipogundua kwamba wafuasi wanamwona Frank mwenyewe kuwa Masiya, lilimfunga Częstochowa miaka 13.

Wadönme wa Salonica waliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 200, wakawa wafanyabiashara wa nguo na tumbaku, mameya, wahariri na walimu. Şemsi Efendi, mwalimu wa jamii hiyo, alifungua shule iliyomfundisha mtoto Mustafa Kemal, atakayekuwa rais wa kwanza wa Uturuki. Mwaka 1902 walijijengea msikiti wao, Yeni Cami, kwa mkono wa msanifu Mwitaliano, Vitaliano Poselli, na katika mapambo yake nyota ya Daudi inaonekana waziwazi. Mkataba wa Lausanne wa 1923 ulipoamuru Waislamu wa Ugiriki na Wakristo wa Uturuki wabadilishane nchi, swali likawa wao ni nani. Serikali zote mbili ziliangalia dini iliyoandikwa, zikawahesabu Waislamu, wakahamishiwa Istanbul na Izmir. Wayahudi wa Salonica walibaki. Mwaka 1943 Wajerumani waliwasafirisha zaidi ya 40,000 kati yao hadi Auschwitz, na wengi mno hawakurudi. Wadönme walikuwa ng'ambo ya pili, wakiitwa Waturuki na wakishukiwa na majirani zao kuwa Wayahudi, wakiwaoza watoto wao nje ya jamii kwa mara ya kwanza. Shule ya Feyziye waliyoianzisha Salonica mwaka 1885 walihama nayo, na mpaka leo taasisi yake inaendesha shule na chuo kikuu mjini Istanbul.